Patrika: Hati ya Nyota katika Ndoa za Wamarathi

Neno patrika katika lugha ya Kimarathi limetoka katika neno la Kisanskriti patra, maana yake jani, na baadaye karatasi iliyoandikwa. Barua ya kualika watu arusini huitwa patrika, na gazeti litokalo kila mwezi laweza kuitwa patrika. Lakini mama mwenye binti aliyefikia umri wa kuolewa akisema, "Tumewapelekea patrika," kila asikiaye ajua ni patrika gani. Ni hati yenye mchoro wa mbingu kama zilivyokuwa saa ile mtoto alipozaliwa: nyumba kumi na mbili, na jua na mwezi na sayari zimewekwa kila moja mahali pake. Jina lake kamili ni janmapatrika, yaani hati ya kuzaliwa, na mchoro wenyewe huitwa kundali. Hati hiyo hutangulia. Hupelekwa kwa wazazi wa kijana kabla ya watoto kuonana, na mara nyingi kabla ya wazee wa pande mbili kuketi pamoja.

Wengi walioandika juu ya desturi hii wameuliza swali moja tu, kwamba nyota zasema kweli au hazisemi. Swali hilo ni halali, nasi tutalifikia. Lakini halitoshi kutueleza kwa nini hati hii imedumu mikononi mwa watu waliosoma hesabu na sheria, watu ambao katika mambo mengine hawadanganywi kwa urahisi. Sisi twaona kwamba patrika ni namna ya kusema, na yatupasa kuisoma kama tusomavyo lugha: tuulize nani aitumia, amwambia nani, na gharama ya maneno yake humwangukia nani.

Tuanze na neno lenyewe la ndoa. Kimarathi cha kila siku huiita ndoa lagna. Asili ya neno hili ni kitu kilichogusa au kushikamana. Wanajimu walilitumia kwa ile sehemu ya njia ya jua inayogusa upeo wa mashariki wakati fulani, yaani buruji inayochomoza. Buruji zote kumi na mbili huchomoza katika mchana na usiku mmoja, basi kila moja hupata kadiri ya saa mbili. Arusi ilifungwa kwa lagna njema, na kwa kupita kwa miaka jina la saa likawa jina la arusi, kisha jina la ndoa. Wakristo wa Kimarathi wasomapo habari ya arusi ya Kana husoma neno lilo hilo, lagna, wala hapana afikiriye nyota. Wafasiri walifanya vema kulichukua. Neno likishaingia jikoni na sokoni haliulizwi tena lilizaliwa wapi. Nasi twasema mtu fulani ana nuhusi, wala hatukumbuki kwamba kwa Waarabu hiyo ilikuwa sifa ya sayari mbaya.

Elimu hii haikuzaliwa yote Bara Hindi. Manazili ya mwezi, ambayo Wahindi huyahesabu 27 na kuyaita nakshatra, ni ya kale sana kwao, nayo yatajwa katika maandiko ya Veda. Lakini buruji kumi na mbili, na desturi ya kugawanya mbingu ya mtoto kuwa nyumba kumi na mbili, zilifika kutoka kwa Wayunani katika karne za kwanza baada ya Kristo, na maneno yamebaki kama nyayo mchangani. Hora, sehemu ya wakati, ni neno la Kiyunani. Kendra, jina la nyumba zenye nguvu, ni kentron yao. Na nyumba ya saba, ambayo ndiyo nyumba ya ndoa, iliitwa jamitra, nalo ni neno diametron, mstari ukatao duara katikati, kwa sababu nyumba ya saba yaielekea ya kwanza kutoka upande wa pili. Varahamihira, mnajimu mkuu wa karne ya 6, hakuficha deni hilo. Aliandika kwamba Wayunani, ingawa ni watu wa nje, waheshimiwa kama wenye hekima wa kale kwa ajili ya elimu hii.

Msomaji wa pwani yetu atazitambua picha zenyewe. Simha, Kanya, Tula na Mina za Wamarathi ni Asadi, Sumbula, Mizani na Hutu za vitabu vya falaki. (Asidanganyike na Simha: simba wetu ni neno la Kibantu, lililoenea mbali sana na bahari, na sauti zimekutana kwa bahati tu.) Waarabu nao walipokea mengi kwa Wayunani, ila manazili yao ni 28. Hata hivyo njia ya kulinganisha wachumba si moja. Mwalimu wa falaki wa pwani huhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake kwa hesabu ya abjadi, hutoa kumi na mbili kumi na mbili, na kilichosalia humwonyesha nyota. Yeye hahitaji saa ya kuzaliwa. Joshi wa Kimarathi aihitaji, na jambo hilo, kama tutakavyoona, limemletea taabu nyingi.

Wamarathi hawakuwa wapokeaji tu katika elimu hii. Katika kijiji cha Nandgaon, pwani ya Konkan, Ganesh Daivajna aliandika mwaka wa 1520 kitabu cha Grahalaghava, kinachofundisha kupata mahali pa sayari kwa hesabu nyepesi, na watengenezaji wa kalenda walikitegemea kwa karne nyingi. Mwaka wa 1600 Rama Daivajna, aliyetoka katika ukoo wa Vidarbha, aliandika huko Kashi kitabu cha Muhurtachintamani, kihusucho kuchagua saa njema; na humo, katika sura ya ndoa, mna kanuni za kulinganisha mume na mke ambazo joshi hutumia hata leo.

Kanuni hizo ni nane, na alama zake ni 36. Ya kwanza ina alama moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, hivyo hivyo hata ya nane yenye alama nane. Alama huitwa guna, maana yake sifa au wema. Kwa desturi wachumba wakipata 18, yaani nusu, posa yaweza kuendelea. Chini ya hapo joshi hutikisa kichwa. Hatutazieleza zote. Katika ya nne, yenye alama nne, kila manzili hupewa mnyama, na yatazamwa kama wanyama wa wachumba ni maadui: paka na panya, nyoka na nguchiro, ng'ombe na chui milia. Kanuni hiyo watu huicheka hata wakiifuata. Ya sita hugawanya manzili 27 katika makundi matatu ya tisa tisa: ya miungu, ya wanadamu, na ya rakshasa, ndio mazimwi wa hadithi. Binti wa kundi la rakshasa akiposwa na kijana wa kundi la wanadamu, alama hukosekana zote sita. Ya nane, iliyo nzito kuliko zote, huitwa nadi. Hapa pia manzili hugawanywa tisa tisa katika nadi tatu; lakini sasa wachumba wakiwa wa nadi moja hupata sifuri, na hofu yake ni juu ya afya na uzazi. Siku hizi wapo wasemao kwamba nadi ni aina ya damu. Hayo ni maelezo mapya yaliyovikwa kitu cha kale.

Msomaji mwenye hesabu ataona mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa nadi ni tatu zilizo sawa, theluthi moja ya wachumba wote duniani watakosa alama nane, hata wakichaguliwa kwa kura. Pili, alama zote 36 hutegemea mwezi peke yake, ulikuwa katika manzili gani na buruji gani. Mwezi hukaa katika manzili moja kadiri ya siku moja. Basi ile hati ndefu yenye sayari zote, iliyoandikwa kwa taabu, kwa kazi ya alama hufumbwa isipokuwa mstari mmoja.

Sayari nyingine moja tu huulizwa kwa bidii, nayo ni Mirihi. Kimarathi huiita Mangal, na hapa lugha ina kejeli yake, maana neno mangal ni heri na baraka; kidani cha mke aliyeolewa huitwa mangalsutra, uzi wa heri. Lakini Mirihi ikiwa katika nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya kumi na mbili, mwenye patrika huhesabiwa kuwa na ila ya Mangal, na husemwa kwamba mwenzi wake hatakaa sana. Nyumba tano katika kumi na mbili! Kwa hesabu hiyo karibu watu watano katika kila kumi na wawili wana ila, na vitabu vyenyewe, kana kwamba vimeshtuka, vimeongeza udhuru juu ya udhuru wa kuiondoa. Dawa ya kawaida ni kumwoza mwenye ila kwa mwenye ila. Nyingine ni kumwoza binti kwanza kwa chungu, kwa sherehe iitwayo kumbhavivaha, ili kama ni lazima mume wa kwanza avunjike, avunjike mume wa udongo.

Kanuni yasema ila yaweza kuwa ya mume au ya mke. Desturi haisemi hivyo. Kijana mwenye Mangal hutafutiwa mke. Binti mwenye Mangal huketi nyumbani, na baba yake huanza kupunguza masharti yake. Tena kuna manzili yanayomlemea msichana zaidi: aliyezaliwa katika Mula huogopwa kwa ajili ya baba mkwe, Ashlesha kwa ajili ya mama mkwe, Jyeshtha kwa ajili ya shemeji mkubwa, na Vishakha kwa ajili ya shemeji mdogo. Vitabu huibana hukumu hiyo kwa baadhi ya robo za manzili tu, lakini uvumi wa mtaani haujui robo. Hata kanuni ya kwanza ya alama, ambayo ni ndogo kabisa, hutaka daraja la mume lisiwe chini ya la mke. Mizani hii ina jiwe chini ya sahani moja.

Na sasa habari ya saa. Saa za mtambo zilipokuwa bado adimu, joshi alipima wakati kwa bakuli ndogo ya shaba yenye tundu chini, iliyoelea katika chombo cha maji. Bakuli hujaa na kuzama kwa muda wa ghatika moja, yaani dakika 24, na ghatika 60 hufanya mchana na usiku. Kwa bakuli hiyo walingoja saa ya arusi: bwana na bibi arusi wamesimama, katikati yao pazia la kitambaa liitwalo antarpat, watu wameshika mchele mikononi, na saa ifikapo pazia huondolewa. Kuhani huita "savadhan," yaani angalieni. Husimuliwa kwamba Ramdas, mtakatifu wa Wamarathi wa karne ya 17, aliposikia neno hilo akiwa kijana mbele ya pazia aliangalia kweli kweli, akakimbia arusi yake, asiolewe tena na dunia.

Bakuli yafaa arusini, ambako watu wamejiandaa. Lakini mtoto hazaliwi kwa kungoja bakuli. Wakunga walitaja saa kwa kivuli, kwa jogoo, kwa kurudi kwa ng'ombe. Na buruji ichomozayo hubadilika kila saa mbili, na nyumba ya Mirihi pamoja nayo. Ndiyo sababu wakulima wengi na watu wa tabaka za chini hawakuwa na patrika kabisa. Walitazama herufi ya kwanza ya jina, au walitafuta kauli ya mungu wa kijiji kwa kubandika maua juu ya sanamu na kuona la upande gani litaanguka kwanza. Wenye hati walikuwa hasa Wabrahmani na jamaa zilizowaiga. Twasema hivi kwa sababu vitabu vingi huandika "Wahindi hufanya" pale ambapo ingalifaa kuandika "baadhi ya nyumba hufanya."

Joshi mwenyewe alikuwa mmoja wa watumishi wa kijiji, kama seremala na mfinyanzi na kinyozi, naye alipokea fungu lake la nafaka wakati wa mavuno. Jina lake ni jyotishi lililofupishwa, yaani mtu wa mianga ya mbinguni. Leo ni jina la ukoo la watu wengi wasiojua nyota hata moja. Haki yake ilirithiwa. Mahakama za Bombay katika karne ya 19 zilikubali kwamba joshi wa kijiji aweza kudai ada yake hata kama mwenye arusi amemwita mtu mwingine. Jotirao Phule, mtu wa jamii ya Mali wa Pune, alipigana na jambo hilo. Mwaka wa 1869 alitoa kitabu cha mashairi juu ya hila za makuhani, akionyesha jinsi wanavyomtoza mkulima kutoka tumboni mwa mama hata kaburini. Na mwaka wa 1873 aliunda Satyashodhak Samaj, chama cha watafuta ukweli, ambacho watu wake walifunga ndoa pasipo Brahmani. Sheria ya kuondoa haki ya joshi ya kudai ada kwa kazi asiyoitwa kuifanya ilikuja mwaka wa 1926, miaka 36 baada ya kufa kwake.

Misioni nayo imo katika habari hii kwa njia ambayo hawakuikusudia. Ganpat Krishnaji wa Bombay aliona kazi ya mitambo ya misioni ya Kimarekani, akajifanyia mtambo wake, na mwaka wa 1831 akapiga chapa panchang, kalenda ya nyota, kwa Kimarathi. Kalenda iliyokuwa ikisomwa na joshi peke yake sasa ilinunuliwa sokoni. Tena watu wakaanza kulinganisha kalenda na mbingu, wakaona hesabu za kale zimepotoka. Kero Lakshman Chhatre, mwalimu wa hesabu, alianza tangu mwaka wa 1865 kutoa panchang iliyosahihishwa. Mwanafunzi wake Bal Gangadhar Tilak, yule aliyejulikana baadaye kwa siasa, alishika upande uo huo, na kalenda ya namna hiyo yaitwa kwa jina lake hata leo. Lakini wengine, pamoja na mwanahesabu Venkatesh Ketkar, walichagua nyota nyingine ya kuanzia buruji, na serikali ya India ilipounda kalenda ya taifa katika miaka ya 1950 ilifuata hesabu ya upande huo.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ni kadiri ya daraja nne. Ni kidogo, mtu atasema. Lakini manzili moja ni daraja 13 na theluthi. Basi kati ya watoto kumi, kama watatu watakuwa na manzili moja katika panchang ya Tilak, na manzili nyingine katika panchang ya jirani. Binti yule yule ni rakshasa katika nyumba moja na mwanadamu katika nyumba ya pili. Hatujui hoja iliyo kali kuliko hii juu ya patrika, nayo haikutoka kwa wageni wala kwa wahubiri, bali kwa Wamarathi wenyewe waliopenda hesabu sahihi.

Hoja nyingine ilitoka makaburini. Katika nyumba za Kibrahmani za karne ya 19 wasichana waliozwa wakiwa na miaka minane au tisa, na patrika zililinganishwa kwa uangalifu mkubwa. Kipindupindu na tauni hazikuzisoma. Mtoto aliyefiwa na mume asiyemjua alibaki mjane maisha yake yote, akanyolewa nywele, akaitwa mla mumewe, ingawa joshi alikuwa amezihesabu alama na kuridhika. Sheria ya mwaka wa 1856 ilimruhusu kuolewa tena, lakini nani angemposa? Pandita Ramabai, mwana wa mwanachuoni wa Kibrahmani na baadaye Mkristo, alifungua Sharada Sadan huko Bombay mwaka wa 1889 kwa ajili ya watoto kama hao. Mmoja wa wanafunzi wake, Godubai, aliolewa mwaka wa 1893 na Dhondo Keshav Karve, naye Karve akaanzisha nyumba ya wajane Pune mwaka wa 1896. Jamaa za Karve walimtenga kijijini kwake. Hapakuwa na mtu aliyemtenga joshi.

Twaja kwenye swali la ukweli. Mwaka wa 2008 mwanafalaki Jayant Narlikar wa Pune, pamoja na wenzake, akiwamo Narendra Dabholkar aliyeuawa mwaka wa 2013, walikusanya patrika 200 za watoto, 100 wenye akili ya kusifiwa shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja amehukumu patrika 40. Waliopatia ni asilimia 46. Sarafu iliyorushwa juu ingepata 50.

Milango ya wanajimu haikufungwa kwa ajili ya hayo. Kalenda ya Kalnirnay, iliyoanzishwa mwaka wa 1973, hutundikwa jikoni katika nyumba za kila namna, na programu za simu huhesabu alama 36 kwa kufumba na kufumbua. Sababu yake, kwa maoni yetu, ni maneno matatu ya Kimarathi: patrika julat nahi, "patrika hazipatani." Jamaa ikiona binti ni mrefu mno au mweusi mno, au baba yake hana kitu, au kijana anywa pombe, haihitaji kusema lolote la hayo. Yasema patrika hazipatani, na pande mbili huachana pasipo tusi, wakaweza kusalimiana wiki ijayo hekaluni. Na jamaa ikipendezwa, alama 14 hupata udhuru, au joshi wa pili huitwa, au mama husema, "Sisi kwetu hatutazami sana." Watu wa makamo wajua jambo hili na hulicheka, waulizeni.

Twalikubali kuwa ni adabu, na si adabu ndogo. Kila taifa lina mlango wake wa nyuma wa kukataa posa. Lakini neno hilo la adabu hupokelewa na mtu. Wazazi wa binti waliokataliwa mara tatu, mara nne, hawawezi kujua ni mara ipi nyota zilitajwa kwa kweli na ni mara ipi zilikuwa pazia. Binti mwenyewe huanza kuamini kwamba ila imo ndani yake. Ndipo baba hupeleka saa ya kuzaliwa kwa mnajimu mwingine na kuomba aitazame tena, pengine yule mkunga alikosea nusu saa. Na hati mpya huandikwa, Mirihi imehama nyumba, nayo huwekwa katika bahasha kungoja posa ijayo.